Mtani Amepigwa

Koti la marehemu lilikuwa kubwa mno kwa Maneno, na watu walianza kucheka hata kabla hajafanya lolote. Lilikuwa koti la kahawia la mitumba, lenye mabega ya mzungu fulani mnene, na mzee Agustino alilivaa masika na kiangazi tangu siku mitumba ilipoanza kujaa soko la Mawenzi. Sasa Agustino alikuwa kaburini tangu jana mchana, na koti lake lilikuwa linaingia uani likiyumba, mikono imefunika vidole, mfukoni imechomoza shingo ya chupa tupu.

"Shikamoo mzee," Maneno alimwambia mbuzi aliyefungwa chini ya mfyulisi. Mbuzi akaendelea kutafuna. Maneno akangoja kwa adabu, akimeza kwikwi. "Haitikii. Kiburi cha ndevu tu hicho."

Uani pakaangua kicheko. Akaenda mpaka kwenye nguzo ya baraza, akaigonga kwa paji la uso, akaiomba radhi, akaizunguka, akaigonga tena. "Jamani, nani anahamisha nguzo za nyumba yangu? Asubuhi niliiacha pale!"

Hata Rosa, mjane mwenyewe, aliyekuwa amekaa ndani juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, aliziba mdomo kwa kanga na mabega yakamtetemeka. Maneno alikuwa amempata Agustino sawasawa, mpaka namna ya kuinua kidole kimoja kabla ya kusema upuuzi.

Hiyo ndiyo kazi yao. Mlimani kule, juu ya Bigwa, kila ukoo una watani wake, na mtu akifa wao ndio wanaochimba kaburi, wao ndio wanaopika, na wao ndio wanaovaa nguo za marehemu wakamrudisha uani mara ya mwisho na kasoro zake zote, watu wamtazame, wacheke, wamwachie aende. Mtani anaweza kuchukua kuku wako, anaweza kulala kwenye mkeka wa mjane akadai chai. Hakuna anayemkasirikia. Kumkasirikia mtani msibani ni kama kumkasirikia padri kwa kukurushia maji ya baraka.

Basi Maneno akafika mlangoni. Akauvuta mlango ukafungika, akarudi nyuma hatua moja, akaupiga kwa fimbo ya mzee. Mara tatu, polepole, kama marehemu alivyokuwa akigonga.

"Fungueni! Najua mmo humo!"

Ndani, kicheko cha Rosa kilikatika. Diana, mjukuu wake wa miaka saba, alikuwa amekaa karibu naye anachambua maharage. Aliuweka ungo chini bila sauti. Akapita chini ya pazia la chumbani, akaingia uvunguni mwa kitanda cha bibi, akalala kuelekea ukuta, akajifunika mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mama yake, Eva, alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma na beseni la maji ya vyombo. Aliona nyayo mbili ndogo zinapotelea uvunguni. Aliujua uvungu ule. Aliyajua hata mashimo ya udongo kwenye ukuta wake, maana mengine aliyachimba yeye kwa kucha, umri ule ule, fimbo ile ile ikiwa mlangoni.

Akaufungua mlango kwa mguu, akammwagia Maneno beseni zima. Maneno, maji yakimchuruzika, akafungua mikono akasema kwa sauti ya ulevi, "Ahsante mwanangu, leo umeniogesha." Eva akampiga kofi.

Lilisikika mpaka jikoni.

Maneno alisimama akajishika shavu. Kisha akavua koti taratibu, akalikunja, akaliweka kizingitini. "Mimi basi," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Watani wakainuka mmoja mmoja. Mwanaheri, mtani mwanamke aliyekuwa anasonga ugali wa msiba, akauchomoa mwiko, akaukung'uta kwenye ukingo wa sufuria, akaulaza chini.

"Haujaiva," alisema. "Atakayebaki atamalizia."

Wakashika njia ya kuteremka bila kugeuka.

Waombolezaji walibaki wameshika sahani. Eva akaokota mwiko. Sufuria la msiba si sufuria la nyumbani, linataka mgongo wa mtu aliyezoea, na mikono ya Eva ilizoea kukung'uta viguo vya watoto pale Mawenzi na kuvitangaza. Moshi ukamwingia machoni. Ugali ukashika chini, juu ukabaki uji.

"Mjini wanafundishwa kupiga," mwanamke mmoja alisema, akiligeuza tonge lililokataa kushikana. "Kupika nadhani ni darasa linalofuata."

"Mwache, mwenzio ana uchungu."

"Uchungu tunao wote, bibi wee. Mimi hapa nina uchungu wa tumbo."

Waliondoka mapema, kila mmoja na kigoda alichokuja nacho. Walipotoka ndani walilikuta koti kizingitini, wakaliruka. Hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Mjomba Bartholomeo, kaka yake Rosa, alingoja ua upungue ndipo akamwita Eva barazani. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo huyu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya Eva. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Umempiga mtani."

"Nimempiga mlevi, mjomba."

"Mlevi tumemzika jana."

Eva akatazama vidole vyake vyenye unga.

"Mimi nimezika watu wengi," mjomba alisema. "Nimeona mwizi anaigizwa, watoto wa mwizi wamekaa pale. Mama yangu, bibi yako huyo, walimwigiza anavyosinzia kanisani mpaka rozari inaanguka, nikacheka nikashika mti. Mtani kupigwa sijaona. Hata dawa yake siijui."

"Nitamwomba radhi."

"Utamwomba kwa kuku. Nitampeleka mimi. Akikataa, sijui." Aligeukia mlango. "Mama yako hatoki kwenye mkeka ule mpaka watani waje waanue matanga. Wao ndio wanaofagia majivu, wao ndio wanaomshika mjane mkono wakamtoa nje. Padri hawezi, mimi siwezi. Na mvua ndiyo hiyo imeanza."

Asubuhi yake kuku alikwenda, na kabla ya saa sita alirudi mzima, kwapani mwa mjomba.

"Amesema hana ugomvi na kuku."

"Anataka nini sasa?"

"Anataka aliyeukata mchezo aje aumalizie. Wewe mwenyewe, uwe ndani ya mchezo."

"Siwezi, mjomba."

Mjomba akamwachia kuku akimbie. "Basi ingia ndani ukamwambie mama yako kwamba huwezi."

Rosa alikuwa amekaa vile vile, kanga kichwani, miguu imenyooka, ungo wa maharage mapajani, kama mtu aliyewekwa. Kutoka alipokaa alikuwa anaona kipande cha shamba kupitia mlango wa nyuma. Udongo ulikuwa mweusi kwa mvua ya usiku, na majirani walikuwa wameshaanza kupanda maharage.

"Mama, nimekufunga hapo," Eva alisema.

"Mimi nimezoea kumngoja baba yako. Nimemngoja miaka. Nitamngoja na sasa, mpaka watani waje waninyanyue." Rosa hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomchoma Eva. "Maharage ya mbegu yako kwenye kibuyu. Mwambie jirani Paulo akitaka achukue, apande yeye. Yasiharibike."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Eva akamgeukia mtoto, maana mtoto ndiye aliyekuwa karibu. "Na wewe! Nani alikwambia uingie uvunguni? Bibi yako anacheka, watu wote wanacheka, wewe unakimbilia uvunguni kama panya!"

Diana alimtazama mama yake kwa mshangao. Aliona swali lenyewe ni la ajabu.

"Si ndiyo tunavyofanya babu akigonga?"

"Sisi? Lini tumefanya?"

"Ile Jumapili. Tulikaa nyuma ya kitanda ukanifunika mdomo. Jana sikungoja unifunike. Nilijifunika mwenyewe." Alisema kwa kujivunia kidogo, kama mtoto aliyejua kufunga viatu.

Vidole vya Rosa, vilivyokuwa vinachambua maharage, vilisimama. Eva hakuinua macho. Alingoja mama yake aulize. Vidole vikaanza tena, harage moja, jingine.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, huko mjini Kilakala, Eva alikopanga chumba. Fimbo iligonga mara tatu. Kabla Eva hajafikiri lolote alikuwa ameshamnyakua mtoto, ameshakaa sakafuni nyuma ya kitanda, kiganja chake kimeziba mdomo wa Diana. Alikuwa mwanamke mzima, mfanyabiashara wa sokoni, mpangaji anayelipa kodi yake, na alikuwa sakafuni. Mtoto alidhani ni mchezo akataka kucheka, na Eva akakaza kiganja.

"Eva," sauti ilisema nje. "Ni mimi, mwanangu. Sijanywa."

Utotoni aliyasikia maneno hayo mara zisizo na hesabu. Aliyasikia baba alipolipwa mshahara kiwandani, akayasikia kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakarudishwa majumbani, akayasikia yakitoka kinywani mwa mtu ambaye hakuweza kusimama. Kwa hiyo akanyamaza. Nje kitu kikawekwa chini kwa uangalifu, halafu hatua zikaondoka. Hatua zilikuwa zimenyooka. Alizisikia kwamba zimenyooka, na bado hakufungua.

Alipochungulia baadaye alikuta mafyulisi yamefungwa kwenye jani la mgomba. Baba hakuyaweka juu ya vumbi. Aliyaweka juu ya kandambili zao, zake nyekundu na zile ndogo za Diana, zilizokuwa zimepangwa pale mlangoni. Mtoto aliomba tunda moja. Eva akamnyima, akayagawa yote kwa wapangaji wenzake, akawaambia ameyanunua sokoni.

Kabla ya Jumapili nyingine kufika, Agustino alikuwa amelala kwa homa ya mapafu. Habari ilishuka na wauza ndizi, na Eva akasema atapanda akimaliza robota la mitumba alilolifungua. Alipopanda, alikuta wanatafuta mbao za jeneza.

Eva aliinuka, akaenda kizingitini, akaliokota koti. Bado lilikuwa na unyevu. Akalikumbatia kifuani, akashika njia.

Maneno alikuwa nje ya nyumba yake anasuka tenga la kubebea ndizi, goti lake limebana kitako cha tenga. Mkewe alipomwona Eva aliingia ndani. Maneno hakuinuka.

"Karibu, mtani. Umekuja kupiga la pili? Hili shavu lingine limeona wivu tangu jana."

"Shikamoo."

"Marahaba. Basi kweli hukuja kupiga."

Eva akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya mianzi. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima na sasa hayakuja. "Nimekukosea. Nimemkosea mama. Njoo uanue matanga, mimi nitakupa chochote utakachotaka, nitakuletea suruali nzuri za robota jipya, ila usiniingize kwenye mchezo ule. Ule kwangu si mchezo."

"Najua."

"Hujui."

"Ninajua, mwanamke. Fimbo ile niliisikia mimi pia, nyumba yangu si hii hapa chini? Inuka, maganda yatakuchoma." Alivuta ufito wa mwanzi, akaupitisha. "Unadhani jana ndiyo mara yangu ya kwanza kulivaa koti hilo?"

Eva akainua uso.

"Baba yako mwenyewe ndiye aliyenivika. Kwaresima iliyopita. Alinikuta nimekaa hapa hapa, akaniambia, Maneno, wewe ni mtani wangu, watu wengine wananiogopa. Nioneshe jinsi ninavyokuwa. Nikamwambia, mzee, kazi hiyo huwa nawafanyia waliokufa. Akasema, nifanyie mapema. Nikavaa koti. Nikamsalimia mbuzi, akacheka. Nikagombana na nguzo, akacheka mpaka akakaa chini. Nikafika mlangoni nikagonga." Maneno aliacha kusuka. "Hakucheka tena. Aliniuliza, na ndani huwa wanafanya nini? Nikamwambia mimi ni wa nje, ya ndani muulize mkeo. Sijui kama aliuliza. Ila tangu siku hiyo hakunywa. Pasaka watu walimletea pombe, akainusa, akairudisha."

"Mama hakuniambia."

"Aliogopa kukuambia. Mara ngapi baba yako ameshawaambia ameacha? Mzee akasema atakwambia mwenyewe. Alikuchumia mafyulisi, akateremka mjini. Jioni akarudi, nikamuuliza, binti kasemaje? Akasema hukuwepo. Umefunga na kufuli, umeenda sokoni."

Chumba cha Eva hakikuwa na kufuli. Kilikuwa na komeo la ndani tu. Akaziona kandambili zile, nyekundu na ndogo, na mafyulisi juu yake. Alitaka kulisema jambo hilo, mdomo ukafunguka, pakatoka kingine.

"Nani atakuwa na mimi humo ndani?"

"Uliokuwa nao," Maneno alisema. "Uvungu ni ule ule. Nenda nalo koti. Mtani hajivishi, anavishwa."

Watani walirudi alasiri, Mwanaheri mbele akiwa amebeba mwiko wake mwenyewe. "Wa kwenu siuamini tena," alisema akipita. Majirani wakarudi pia, na vigoda. Habari ilikuwa imezunguka, na watu waliosema wana kazi nyingi walionekana hawana kazi kabisa. Katikati ya ua watani waliweka kopo lao, lile la kutupiwa chochote mtu alichonacho. Eva akamvika Maneno koti mbele ya wote, mkono mmoja, na wa pili, akamfunga hata kifungo ambacho baba hakukifunga kamwe. Maneno akakifungua.

"Umri wako?" aliuliza kwa sauti ya kusikika uani kote.

"Wa sasa?"

"Wa kule uvunguni."

"Saba," Eva alisema, na mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Akaingia ndani. Akapita mbele ya mama yake bila kumtazama. Diana alikuwa ameshaingia uvunguni, amelala kuelekea ukuta. Eva akainama, akaingiza kichwa, bega, akakwama kiunoni, akajisukuma. Vumbi lilikuwa lile lile. Chaga zilimgusa mgongo.

"Mama," Diana alinong'ona, "wewe ni mkubwa, utaonekana."

"Nyamaza."

Huko nje mbuzi alisalimiwa. Nguzo ikaombwa radhi. Watu walicheka kidogo, nusu nusu, kwa sababu walikuwa wanangoja. Kisha fimbo. Mara tatu.

"Fungueni! Najua mmo humo!"

Mkono wa Eva uliondoka wenyewe ukaenda kwenye mdomo wa mtoto. Akakuta mkono mwingine umeshatangulia pale, mdogo, wa Diana mwenyewe. Viganja viwili juu ya mdomo mmoja. Eva akahisi pumzi ya mtoto ikipita katikati ya vidole, ya haraka, ya moto, na akakiona alichokifanya. Mtoto huyu hakuwahi kumwona babu yake amelewa. Hata siku moja. Hofu hii hakuipata kwa mzee. Alipewa na mama yake, kwa kiganja hiki.

Akauondoa mkono wake. Halafu, kidole kimoja kimoja, akauondoa na wa mtoto.

"Ni Maneno yule," alinong'ona. "Amevaa koti la babu."

"Anatutafuta?"

"Anatutafuta."

Diana akafikiri. "Kama kombolela?"

Kule Kilakala watoto walicheza kombolela kila jioni. Mmoja anatafuta, wengine wanajificha, na aliyejificha akiwahi kulipiga kopo teke, wote waliokamatwa wako huru. Diana aliujua mchezo wote kwa kuutazama dirishani. Mama yake hakumruhusu kutoka. Hakupenda kumwona mtoto anajificha.

"Kama kombolela," Eva alisema.

"Basi mbona tunalala? Kopo si lile pale nje! Akiingia huku, sisi tunapita kwa nyuma."

Mlango ukafunguka. Koti likaingia likiyumba, likampita Rosa, likamwomba radhi pazia. "Wako wapi watu wa nyumba hii?" Viatu vilivyochoka vikasimama karibu na kitanda. Chini yake Diana alianza kutetemeka. Eva alishtuka, kisha akasikia ni kicheko, kinabanwa puani, kinavuja.

"Sasa!" Diana alisema.

Walitokea upande wa pili, mtoto kama mjusi, mama kama gunia. Kitanda kilinyanyuka juu ya mgongo wa Eva kikaanguka kwa kishindo. Wakakimbia kwa mlango wa nyuma, wakazunguka nyumba, vumbi kichwani, kanga ya Eva ikabaki kwenye msumari wa mlango. Nyuma yao koti lilipiga kelele, "Wezi! Wezi wa watoto wangu!" Uani watu wakainuka. Diana alilifikia kopo kwanza, akalipiga teke kwa nguvu zake zote, likaruka likampata mbuzi.

"Kombolela!"

Mbuzi akalia. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mjomba Bartholomeo alishika nguzo. Maneno alimkimbiza Diana kuzunguka mfyulisi, akiyumba, akikosea upande, na mtoto akapiga kelele za furaha ambazo mama yake hakuwahi kuzisikia zikitoka kwake. Eva naye alikuwa anacheka. Alicheka ameinama, mikono magotini, na kilipoisha hicho kicheko kikabaki kilio, na hakukizuia.

Maneno akasimama, anahema. "Imetosha. Nalivua."

"Bado," Eva alisema. Akajifuta pua. "Gonga mara moja tena."

"Nimeshagonga, mtani."

"Gonga kama mtu ambaye hajanywa."

Maneno alimtazama. Aliangalia mlango, akamwangalia tena, na polepole mzaha wote ukamtoka usoni. Eva akaingia ndani, akaufunga mlango, akasimama nyuma yake. Rosa alikuwa mkekani, anamtazama.

Nje watu walinyamaza. Hatua zikaja, zimenyooka. Fimbo ikagonga mara tatu, kwa adabu, kama mgeni.

"Eva. Ni mimi, mwanangu. Sijanywa."

Hayo hakuna aliyemfundisha Maneno. Labda mzee aliyafanyia mazoezi njia nzima ya kuteremka, na mtani aliyasikia. Mkono wa Eva ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Akalivuta komeo. Mwanga ukaingia, na koti lilikuwa limesimama pale, mabega mapana, mikono imefunika vidole.

"Shikamoo baba," alisema. "Tulikuwepo."

Nyuma yake Rosa alivuta pumzi.

"Siku ile tulikuwepo ndani, mimi na Diana. Nilikusikia."

"Najua," koti lilisema.

Eva alingoja kitu kimwondoke kifuani, hakikumwondoka chote. Kilisogea tu, kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Maneno akavua koti akampa. Mwanaheri akaingia na ufagio, akaanza kuyatoa majivu, akilalamika kwamba familia hii inawachosha watani. Wengine wakaikunja mikeka. Mtani mmoja akamshika Rosa mkono, akamwinua, magoti yakalia, akamtoa nje.

Rosa alisimama kizingitini akikodoa macho kwenye jua. Alipompita binti yake alisimama.

"Yalikuwa yameiva?" aliuliza.

"Yapi, mama?"

"Mafyulisi. Nilimwambia angoje yaive, hakutaka kungoja."

"Sikuyaonja, mama."

Rosa alitikisa kichwa polepole. Hakumshika, hakumsukuma. "Kibuyu cha mbegu kiko wapi?" alisema, akaenda kuliangalia shamba.

Koti lilikuwa limeshachukuliwa. Diana alikuwa ndani yake, linaburuza, uso haupo, fimbo imeshikwa kwa mikono miwili.

"Zamu yangu! Mimi ndiye babu. Mama, ingia ndani ujifiche."

"Nimechoka, Diana."

"Mara moja tu! Nitakuja kugonga."

Watu walicheka. Eva akaingia, akafunga mlango. Hakwenda uvunguni. Alisimama pale pale, mkono juu ya komeo, anasikiliza koti linavyokuja linaburura majani. Mtoto aligonga la kwanza. Akagonga la pili.

La tatu halikuukuta mlango.